Kikombe cha Supu

Tulipozuru Majengo ya Nyeri, tulikaribishwa katika nyumba ambayo mke wa mwenyeji alikuwa ametimiza wiki tatu tangu apasuliwe tumbo kwa ajili ya unene. Mavyaa wake alipoandaa sinia ya mukimo na nyama, mama huyo alijitenga akalia. Mavyaa akadhani amedharauliwa.

Hakudharauliwa. Katika upasuaji wa namna ile sehemu kubwa ya mfuko wa chakula huondolewa, ukabaki mwembamba mfano wa ndizi. Mwanzoni ni vinywaji na supu iliyochujwa, kisha vyakula vilivyopondwa. Na maji hayanywewi pamoja na mlo. Vijiko viwili vya ziada huweza kumtapisha. Na machozi? Chakula kilikuwa liwazo lake na njia yake ya kukaa na jamaa. Kukiaga ghafla ni msiba. Huzuni ikidumu, daktari aelezwe, wala asiambiwe mtu kwamba imani yake imepungua.

Mtume (s.a.w.) alitufundisha kuligawa tumbo theluthi tatu: chakula, kinywaji na pumzi. Twaihubiri hadithi hiyo mimbarini, kisha nyumbani twamshurutisha mgonjwa, "Ongeza kidogo tu." Hata saumu asiikimbilie kabla ya kushauriana na tabibu, ruhusa ya mgonjwa imo ndani ya Qur'ani.

Mavyaa alipoelezwa, alinyamaza. Kisha akainuka, akachuja supu ya kuku, akaitia katika kikombe cha kahawa, akaketi na mkwewe hadi kilipokwisha. Ilichukua karibu nusu saa.