Mwacheni Mwenye Duka Akopeshe

Kuna somo halikosekani kwenye semina za ujasiriamali wilayani. Mtoa mada akishamaliza mambo ya leseni na namba ya mlipa kodi, anawageukia akina mama na vijana wenye viduka na kuwaonya: biashara haina undugu, usikopeshe, ukikopesha umeua mtaji. Wasikilizaji wanatikisa vichwa, wengine wanaandika. Wanalikubali haraka kwa kuwa wamekua wakikiona kile kibao cha kadi ngumu kinachoning'inia dukani, "Leo taslimu, mkopo kesho". Imani hii imetukaa kiasi kwamba duka likifungwa mtaani, hata kabla sababu haijajulikana, tunasema mikopo imemmaliza mwenye duka.

Napinga somo hilo kwa nguvu zangu zote. Katika mji mdogo, kumkataza mwenye duka kukopesha ni kumkataza kufanya biashara.

Chukua miji ya korosho: Masasi, Newala, Tandahimba. Hela ya huko haiji kila mwezi. Tangu mwaka 2007, mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza, mkulima hauzi leo akalipwa leo. Anapeleka korosho chama cha msingi, zinaenda ghalani, zinasubiri mnada, na baada ya mnada anasubiri malipo yaingie benki. Minada yenyewe hushika kasi kuanzia Oktoba. Januari hela iliyobaki inaishia kwenye sare na viatu vya shule. Februari na Machi shamba linataka palizi wakati chakula cha mwaka jana kimekwisha. Katikati ya mwaka mikorosho inataka salfa na mtu wa kupuliza. Duka linalouza taslimu tu katika mji wa namna hiyo litachangamka kwa miezi michache, na miezi mingine mwenye duka atakaa akitazama unga unaoingia wadudu huku kodi ya pango ikidaiwa vilevile.

Fungua kaunta buku la duka lolote la huko. Kila mteja ana ukurasa wake, na jina lililoandikwa juu ni lile la mtaani: mama wa fulani, fundi baiskeli, mwalimu wa hesabu. Chini yake: sukari robo, kipande cha sabuni, mafuta ya kula ya jero, chumvi. Pembeni tarehe. Kilicholipwa kimepigwa mstari. Deni likifika mahali fulani, mwenye duka anasimamisha sukari na soda, anaacha unga na chumvi viendelee, kwa sababu anajua nani ana mikorosho mingapi, nani ameuguza mtoto mwezi mzima, na nani msimu uliopita alizinywa hela zote za korosho. Ofisa mikopo wa benki hana hata robo ya taarifa hizo. Mtu anayezikusanya kwa miaka na kuzitumia kila siku anaijua biashara yake vizuri, na inaniuma kumwona akifundishwa semina nzima kwamba ni mjinga.

Mteja naye halipi kwa shilingi peke yake. Akipata hela ananunua pale pale, ingawa anajua kwenye duka la jumla bei ingepungua kidogo. Wengi wa wenye maduka hawa wametoka mikoa mingine. Wakifiwa, mtaa ndio unaopitisha daftari la rambirambi na kuchangisha nauli ya kusafirisha mwili. Hayo hayaandikwi kwenye hesabu za mtaji, lakini mwenye duka anayajua, na ndiyo yanayomfanya abaki pale mwaka hadi mwaka.

Mwaka 2018 ulionyesha mji wa korosho unaishije hela ikichelewa. Oktoba ile wakulima walikataa kuuza kwa bei waliyoiona ndogo. Novemba, Rais John Magufuli akatangaza kwamba Serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likatumwa kuzisomba. Bei ilikuwa nzuri, ila malipo yakachelewa. Uhakiki wa wakulima ulichukua muda, na wakulima wengi waliingia mwaka 2019 korosho zao zimeshaondoka na akaunti hazina kitu. Anayesema mkopo wa dukani ni ugonjwa anieleze nyumba hizo zingepika nini. Maduka yaliyumba, sikatai. Yaliyumba kwa sababu mji mzima ulikuwa haujalipwa, na kibao cha "mkopo kesho" kisingeleta hata shilingi moja ya ziada mjini.

Tena mwenye duka naye anakopeshwa. Kwa mwenye jumla anachukua katoni za sabuni na mifuko ya sukari kwa mali kauli, auze kwanza ndipo alipe. Mwenye jumla naye anafanya hivyo hivyo kwa wakubwa wake wa Mtwara au Kariakoo. Biashara ya nchi hii, kuanzia ghalani mpaka kwenye meza ya nyanya, imesimama juu ya neno la mtu. Hata wakubwa kabisa hawauziani taslimu. Nakumatt ya Kenya, iliyochukua maduka ya Shoprite hapa nchini mwaka 2014, ilijaza rafu zake kwa bidhaa za mkopo, na wadai walipoamua mwaka 2020 kwamba ifilisiwe, wasambazaji walikuwa wanaidai mabilioni ya shilingi za Kenya. Sikusikia yeyote akiwaambia wasambazaji wale waende semina. Mkopo ukiwa wa kampuni tunauita mtaji. Ukiwa wa mama anayetaka nusu kilo ya unga mpaka mnada, ghafla ni tabia mbaya.

Nitaulizwa kuhusu kangomba, na ni haki kuulizwa. Yupo anayempa mkulima hela kidogo au debe la mahindi wakati wa njaa, na msimu ukifika anabeba korosho zake kwa bei waliyopatana siku ile ya njaa. Huo ni unyang'anyi, na Serikali imefanya vizuri kupambana nao. Lakini daftari la dukani linadai shilingi zilezile zilizoandikwa, na korosho zinabaki za mwenyewe aende nazo mnadani. Kuvichanganya vitu hivi viwili ni kosa letu la zamani. Mwaka 1976, kwenye Operesheni Maduka, wenye maduka vijijini walihesabiwa wote kuwa wanyonyaji, maduka yao yakafungwa ili ya ushirika yachukue nafasi, na waliokuwepo wanakumbuka uhaba uliofuata.

Mwenye duka akifunga daftari lake leo, shida ya mteja haiondoki, anaipeleka kwingine tu. Atakwenda kwa huyo huyo wa kangomba, au atachukua mkopo wa kausha damu kwenye simu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yaliyokuwa yanaendeshwa bila leseni. Watu wanayajua kwa machungu yake: ukichelewa, ujumbe wa kukudhalilisha unatumwa kwa shemeji, kwa bosi, kwa kila aliyemo kwenye simu yako.

Kinachoua maduka ya miji yetu nakijua, na hakisemwi semina kwa kuwa wahusika ndio wanaokaa viti vya mbele. Ni sisi wenye mishahara. Mwalimu, muuguzi, mtumishi wa halmashauri anakula kwa daftari kuanzia tarehe 10, na mshahara ukiingia anapanda Coaster kwenda Masasi au Mtwara kununua mchele, mafuta na sabuni za mwezi kwa bei ya jumla. Duka la mtaani analirudia mfuko ukiwa mtupu, anaongeza deni jipya juu ya la zamani, halafu linapofungwa anasikitika kwamba jamaa hakuwa na elimu ya biashara. Mkulima anayesubiri mnada ana sababu ya kuchelewa kulipa. Mtu ambaye tarehe ya mshahara wake inajulikana hana.

Kwa hiyo afisa maendeleo ya jamii anayeandaa semina ijayo namwomba aliondoe somo la "usikopeshe" na aweke la kukopesha: kila nyumba na kiwango chake, tarehe ya kulipa ifuate mnada badala ya mwisho wa mwezi, sahihi au dole gumba kwenye kila mstari, mteja abaki na nakala yake. Na wewe mwenzangu wa mshahara, mwezi huu kabla hujaenda stendi pita dukani kwanza, ufutiwe ukurasa wako wote, na unga wa mwezi ujao uulipie hapo hapo.