Nusu saa angani, na safari yote ya kumfuata baba

Likizo ikikaribia, kuna nyumba za Karatu zinazoanza hesabu moja. Baba yuko kazini Seronera, katikati ya Hifadhi ya Serengeti. Mapumziko yake yamesogezwa mbele, amebakiwa na siku mbili tu, na watoto hawajamwona muda mrefu. Safari hii wamfuate wao. Kwa gari au kwa ndege?

Mama akiuliza kwenye simu, jibu linakuja haraka: kutoka uwanja wa ndege wa Manyara hadi Seronera ni kama kilomita 150, mwendo wa nusu saa. Hesabu si ya uongo. Cessna Caravan, ndege ndogo zinazotumika sana huku, hukata karibu kilomita 300 kwa saa; mtoto wa darasa la tano anaweza kugawanya mwenyewe. Ila hizo ni kilomita za mstari ulionyooka, na ndege hizi zina tabia za daladala. Zinaweza kutua kwanza kiwanja kingine kushusha watalii, nusu saa ikawa saa nzima.

Kisha kuna kufika uwanjani kwenyewe, juu ya ukingo wa Bonde la Ufa upande wa Mto wa Mbu, kama nusu saa kwa gari kutoka Karatu mjini. Abiria hutakiwa mapema ili mizigo ipimwe, na hapo kwenye mizani ndipo wengi huduwaa: kikomo cha kawaida ni kilo 15, tena begi laini. Kiroba cha vitunguu vya Mang'ola alichoagiza baba hakipandi. Ndani hakuna choo, jambo ambalo mwenye mtoto wa miaka mitatu angependa kulijua kabla, si baada. Mwenye kichanga amnyonyeshe ndege inaposhuka, masikio yasimuume.

Barabara, ajabu, haizidi sana kwa urefu. Tofauti ni saa. Lami inakuacha lango la Lodoare, halafu ni vumbi na mtikisiko, kupanda hadi ukingo wa kreta ya Ngorongoro, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, kuteremka kuelekea Oldupai, kisha lango la Naabi. Saa nne, hata tano. Asubuhi kule juu kuna ukungu na baridi, hivyo sweta zisifukiwe chini ya mizigo. Lango hufungwa saa 12 jioni. Anayechelewa kutoka nyumbani atarudi kulala Karatu. Kwa gari viingilio ni viwili, Ngorongoro na Serengeti. Kwa ndege ni kimoja. Walio chini ya miaka mitano hawalipi.

Ukijumlisha kutoka mlangoni hadi mlangoni, ndege inaokoa kama saa mbili. Kwa watoto wazima wa afya, nauli ya viti vinne kwa saa mbili ni ghali mno. Kwa mama aliyejifungua kwa upasuaji majuzi, hesabu ni nyingine kabisa, na daktari wake aulizwe kwanza.

Kwa ndege, baba naye aombe gari la kuwapokea mapema. Seronera hakuna bodaboda.