Mtu Mzima na Shule ya Uuguzi

Machi 2020 serikali ya Uganda ilifunga shule kwa sababu ya korona, na madarasa hayakufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Walimu wengi wa shule za binafsi hapa Kampala walikaa bila mshahara. Wakakaanga chapati, wakaendesha bodaboda, wakauza nyanya mbele ya nyumba za kupanga. Shule zilipofunguliwa, wako ambao hawakurudi. Katika hao, na katika makarani, wauza duka na akina dada waliorudi na akiba zao kutoka kyeyo, yaani kazi za vibarua ughaibuni, huko Uarabuni, wamo wanaosema: sasa nitasoma uuguzi. Hao ndio ninaotaka kusema nao leo.

Wazo lenu ni jema. Hospitali zetu zinamhitaji mtu aliyekwisha kulea, kuzika, kudaiwa na kusamehe, kwa sababu mgonjwa hahitaji dawa peke yake. Ninachokihofia ni haraka. Mtu wa miaka thelathini na mitano hujiona ameachwa nyuma na wenzake, akatafuta njia ya kuifidia miaka yake, na hapo ndipo wachuuzi wa vyeti humkuta.

Yapo matangazo mjini yanayomwahidi mtu kuwa msaidizi wa wauguzi kwa kozi ya miezi michache, sare imo, cheti kimo. Ndugu yangu, usiende. Baraza la Wauguzi na Wakunga la Uganda, lililowekwa kwa sheria ya mwaka 1996, haliandikishi watu wa kozi hizo, na asiyeandikishwa hana leseni. Atapata kazi, ndiyo, katika kliniki ya uchochoroni kwa malipo ya kumdhihaki. Siku mgonjwa akizidiwa baada ya sindano, mwenye kliniki atasema hamjui. Pesa ya kyeyo iliyopatikana kwa miaka ya kufua na kupika katika nyumba za watu haifai kuishia hapo.

Njia ya halali ni ndefu kidogo, nayo inajulikana. Cheti cha uuguzi au ukunga ni miaka miwili na nusu. Stashahada ya moja kwa moja ni miaka mitatu, na mwenye cheti aliyekwisha kufanya kazi huweza kurudi kusomea stashahada kwa mwaka mmoja na nusu. Shahada, ambayo Makerere ilianza kuifundisha mwaka 1993, huchukua miaka minne, kisha mwaka wa mazoezi hospitalini. Kwa cheti utaulizwa matokeo ya kidato cha nne: biolojia, kemia, fizikia, hisabati na Kiingereza. Hapa watu wazima wengi hukwama, kwa kuwa masomo hayo ya sayansi yalifanywa ya lazima kwa wote katikati ya miaka ya 2000 tu. Aliyemaliza kabla ya hapo huenda hana fizikia kabisa. Kwa hiyo kabla hujaaga kazi yako, toa hati yako ya matokeo sandukuni uisome kwa macho makavu, uipeleke shuleni unakotaka, na uulize wazi kama inatosha.

Sasa kuhusu shule yenyewe. Watu huichagua kwa lango, kwa rangi ya sare, kwa basi lililoandikwa jina kubwa. Mimi nasema ichague kwa wodi. Tazama jinsi mafunzo haya yalivyoanza katika mji huu. Katharine Timpson, ambaye baadaye alikuwa mke wa daktari Albert Cook, aliingia Mengo mwaka 1897 katika msafara uliotoka Mombasa kwa miguu. Hospitali ya Mengo ikaanza mwaka huohuo. Ilipita miaka zaidi ya ishirini ya kuwahudumia wagonjwa ndipo mama huyo akasimamisha shule ya wakunga pale, na wasichana waliohitimu wakapelekwa vijijini kuzalisha. Rubaga ilikuwa na hospitali tangu 1899, Nsambya tangu 1903, Mulago tangu 1913, na kote huko wagonjwa walitangulia, wanafunzi wakaja kwao. Shule ya leo iliyojengwa penye jengo la kupangisha, isiyo na hospitali yake wala mkataba na hospitali yenye wagonjwa wa kutosha, imeligeuza jambo hili juu chini. Mwanafunzi wake atajifunza kuzalisha kwa mwanasesere, na siku ya kwanza atakaposimama mbele ya mama anayevuja damu atatetemeka.

Ukiulizwa unataka kujifunzia wapi ukunga, fikiria Kawempe, hospitali ya rufaa inayozalisha zaidi ya watoto 20,000 kwa mwaka. Ukivutwa na wagonjwa wa akili, Butabika ipo tangu 1955 na ina shule yake ya uuguzi wa akili, fani ambayo vijana huikwepa lakini mtu mzima mtulivu huiweza kuliko wao. Nimeitaja hii kwa makusudi. Wengi wenu mnafikiri uuguzi ni kazi moja.

Kabla ya shule, jipime. Kila aliyelazwa Mulago ana ndugu anayelala sakafuni kando ya kitanda, anayemwosha, anayemlisha, anayekimbia kununua glavu na dripu zinapokosekana. Ukiwa umewahi kuwa ndugu huyo, unaijua nusu ya kazi. Kumbuka ulivyojisikia usiku wa tatu, uliposhika chombo cha haja na mgonjwa akakutukana kwa maumivu. Kama ulichukia, hilo si dhambi, lakini ujue ya kwamba muuguzi huyashika hayo kwa wagonjwa wengi kwa zamu moja, na hao si mama zake. Wasiowahi kuuguza waanze na kozi ya huduma ya kwanza ya Msalaba Mwekundu. Kisha wamtafute muuguzi anayetoka zamu ya usiku, wamnunulie chai, wamwulize. Msimwulize wakala anayelipwa kwa kila mwanafunzi anayemleta.

Halafu rudini kwenye vitabu, angalau miezi sita mbele. Mtoto ameandikiwa amoksilini miligramu 250, na chupa inasema kila mililita 5 zina miligramu 125. Utampa mililita ngapi? Kama hukupata 10 upesi, na bila simu, hesabu ndiyo itakayokuangusha, na wodini hesabu huangusha watu wawili. Miezi hiyohiyo sita ndiyo inayohitajika kumaliza chanjo tatu za homa ya ini ya B: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, ya tatu mwezi wa sita. Usisubiri uchomwe na sindano iliyotumika ndipo uikumbuke.

Fedha nazo zihesabiwe kwa ukweli. Ada ni sehemu tu ya gharama. Ipo hosteli, ipo sare, zipo ada za mitihani, na juu ya yote ipo miaka miwili na nusu bila mshahara, maana mchana uko darasani na usiku uko zamu. Mume, mke au mama atakayebaki na watoto lazima akubali kwa kinywa chake, kabla. Na cheti hakileti ajira kesho yake. Serikali huajiri kwa nafasi zinazotangazwa na Tume ya Utumishi wa Afya na za wilaya, na wanaogombea ni wengi. Kliniki nyingi za binafsi hulipa kidogo.

Wako watakaosema: kwa malipo hayo, na hatari hizo, kwa nini umwelekeze mtu mwenye watoto huko? Swali hili ni la haki. Mwishoni mwa Januari 2025 Wizara ya Afya ilitangaza kwamba Ebola imeingia Kampala, na wa kwanza kufa alikuwa muuguzi wa Mulago, mwanamume wa miaka 32. Mwaka 2000 wauguzi wa hospitali ya Lacor, Gulu, walikufa mmoja baada ya mwingine kwa ugonjwa huo huo, na waliobaki waliendelea kuingia wodini. Siwezi kumwambia mtu kwamba hatari hii ni ndogo. Naweza kumwambia kwamba anayeingia akiwa mtu mzima ameyapima haya kwa akili yake mwenyewe. Wengi walioingia wakiwa na miaka kumi na minane walichaguliwa kazi hii na wazazi.

Tena analeta mali ambayo kijana hana. Mwalimu anajua kumweleza mama mara tatu jinsi ya kumpa mtoto dawa bila kumtia aibu. Mfanyabiashara wa soko la Owino anajua kumsoma mtu usoni. Aliyefanya kazi Uarabuni anasikia Kiarabu. Na katika kituo cha afya cha Kisenyi, wanakofika Wasomali na Wakongo ambao Kiluganda hawakijui, muuguzi mwenye Kiswahili fasaha humwondolea mgonjwa nusu ya hofu kabla hajampima presha. Utakaa darasani na watoto wa rika la mwanao, na mwalimu atakayekukemea kwa kutandika kitanda vibaya huenda ni mdogo kwako. Mwitikie “musawo”, yaani mhudumu wa afya kwa Kiluganda, kwa heshima zote. Atakuwa amekemea kwa haki.

Basi siku utakapokwenda kuitazama shule, nenda siku ya kazi, si siku ya sherehe. Omba kuona barua yake ya usajili kutoka Wizara ya Elimu, kisha nenda mwenyewe kwenye ofisi za Baraza ukaulize kama jina hilo lipo kwenye orodha yao mwaka huu. Uliza wanafunzi wa mwaka wa pili, mbali na ofisi ya mkuu, wako wodi gani wiki hii, ni nani anayewasimamia huko, na wenzao wangapi walifaulu mtihani wa taifa uliopita. Majibu yakikuridhisha, lipa ada benki kwenye akaunti ya shule, usimpe mtu mkononi, na uitunze stakabadhi.