Nyumba ya Watu Wawili

Kwa muda wa miezi mitano sasa, mimi na mke wangu tumekuwa tukitafuta nyumba ya kununua. Sisi sote ni walimu, tumeishi katika ndoa kwa miaka 19, na Mwenyezi Mungu hakutujalia mtoto. Nalitaja jambo hili mwanzoni kabisa, si kwa kuomba huruma ya msomaji, bali kwa kuwa katika miezi hiyo nimetambua kwamba nyumba nchini mwetu hujengwa, husifiwa na huuzwa kwa ajili ya watoto. Watu wawili wasio nao wakiingia katika soko hilo, hupewa ushauri uliokusudiwa watu wengine.

Tumebakiwa na njia mbili. Ya kwanza ni fleti ya vyumba viwili vya kulala mtaani Ngara, Nairobi, orofa ya pili, mahali ambapo mtu aweza kutembea kwa miguu hadi katikati ya jiji bila kutokwa na jasho jingi. Ya pili ni nyumba ya vyumba vitatu huko Kitengela, katika Kaunti ya Kajiado, kiasi cha kilomita 30 kutoka jijini, iliyosimama juu ya ploti ya futi 50 kwa 100. Bei zake hazipishani sana.

Walimu wa hisabati wataniwia radhi nikitua hapa kidogo. Ploti ya namna hiyo huitwa thumuni ya ekari. Ekari moja ina futi za mraba 43,560. Thumuni yake, basi, ni 5,445. Lakini 50 mara 100 ni 5,000. Futi 445 za mraba hupotea baina ya kinywa cha dalali na jiwe la mpaka, na sijapata kumsikia mnunuzi akiziulizia. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza angeziona.

Turejee kwenye shauri letu. Kila tuliyemwomba nasaha alitutuma Kitengela. Mashemeji zangu wamesema hivyo, walimu wenzangu katika chumba cha mapumziko wamesema hivyo, na ami yangu alinena kwa ukali kwamba mtu mzima hanunui hewa iliyo juu ya kichwa cha mtu mwingine. Naye dalali, alipotuzungusha uani, alinishika bega akasema: "Mwalimu, ardhi hii ni milki huru, ni yako milele. Ile fleti ya mjini imejengwa juu ya ardhi ya kukodi, miaka ikiisha mambo yamekwisha."

Hakusema uongo. Sehemu kubwa ya ardhi ya Nairobi humilikiwa kwa mkataba wa miaka maalumu, aghalabu 99, ilhali huko Kajiado milki huru ni jambo la kawaida. Baba wa watoto wanne ana haki ya kuhesabu miaka iliyosalia katika mkataba huo, maana huenda wajukuu wake wakaikuta imekwisha. Lakini mimi nina umri wa miaka 47. Mkataba wa fleti ya Ngara umebakiwa na miaka zaidi ya 60. Dalali aliponitajia milele, nilitamani kumuuliza: milele ya nani?

Hali kadhalika safari. Mwalimu afundishaye Nairobi na kulala Kitengela huamka saa kumi alfajiri, na jioni hufika kwake giza limekwisha kuingia. Barabara ya juu iliyofunguliwa mwaka 2022, ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ni ya kulipia, na sisi abiria wa matatu aghalabu hubaki chini tukiitazama. Mzazi huistahimili adha hiyo kwa moyo mkunjufu kwa kuwa mtoto wake anacheza uani bila kuogopa magari. Sisi tungeistahimili kwa ajili ya ua mtupu.

Sitaki nionekane kana kwamba nimeyamaliza mambo yote kwa hesabu. Mke wangu alilelewa Vihiga, katika nchi ya michai na migomba, na tangu nimjue hajaacha kuzungumzia siku atakayokuwa na kishamba chake cha kunde na mrenda. Tulipokuwa Kitengela aliinama, akachota udongo ule mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi, akaufikicha katika viganja. Kisha akayaonja maji ya kisima, akayatema. Yalikuwa na chumvi. Akacheka, lakini njiani tukirudi hakusema neno mpaka tulipopita Mlolongo. Fleti ya Ngara ina kibaraza cha upana wa meza mbili za mwanafunzi. Najua ninamwomba nini.

Lipo pia suala la majirani, ambalo madalali hawaligusi. Huko viungani watu hujenga ukuta kwanza, kisha nyumba. Wanaojuana hujuana kupitia watoto: huyu anasoma na yule, basi la shule linawachukua wote, sikukuu ya kuzaliwa inawaita wazazi. Asiye na mtoto hukaa nyuma ya lango lake miaka kumi na asijue jina la jirani. Fletini kuna kelele, kuna ada ya kila mwezi ya kulipia mlinzi na taa za ngazi, na maji hukatika. Hayo yote ninayajua, nimekuwa mpangaji maisha yangu yote. Ila ngazi ni moja. Nisipoonekana kwa siku mbili, bawabu atauliza. Nitastaafu nikitimiza miaka 60, na baada ya hapo sitakuwa na kijana wa kunipeleka hospitali usiku.

Hata hivyo, jambo lililonifanya niandike makala haya si Ngara wala Kitengela. Miaka michache iliyopita tulimzika mwalimu mwenzetu. Alikuwa na mke, hakuwa na mtoto, na alikuwa amejenga nyumba nzuri nje ya jiji. Hatimiliki ilikuwa na jina lake peke yake; nadhani hakuwa na nia mbaya, ni desturi tu. Hakuacha wosia. Matanga hayajaanuliwa, ndugu zake walikuwa wamekwisha kufika na futi ya kupimia.

Wengi wetu hudhani kwamba mjane huirithi nyumba moja kwa moja. Hebu tuisome Sheria ya Urithi, Sura ya 160, iliyoanza kutumika mwaka 1981. Kifungu cha 36 kinasema kwamba mtu asiye na mtoto akifa bila wosia, mwenzi wake hupata vyombo vya nyumbani, pamoja na shilingi 10,000 za kwanza au asilimia 20 ya mali halisi iliyobaki, kutegemea ipi ni kubwa. Sehemu iliyosalia huwa na haki ya kuitumia maadamu yu hai. Akifa, sehemu hiyo hurudi kwa jamaa za aliyetangulia, kuanzia wazazi wake, kisha ndugu. Mama yule aliachiwa akae, lakini nyumba aliyoilipia kwa mshahara wake kwa miaka mingi hawezi kuiuza kama yake ili ahamie karibu na dada zake.

Dawa ipo, na ni ya karatasi moja. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 inawaruhusu wawili kusajiliwa kuwa wamiliki wa pamoja wasiogawana hisa. Mmoja akifa, mali yote humwangukia aliyebaki, na haiingii kabisa katika mirathi. Lakini wakisajiliwa kila mmoja na hisa yake, hisa ya marehemu hufuata mkondo wa mirathi. Wakili asipoulizwa huenda asieleze tofauti hiyo. Fleti nayo, chini ya Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2020, yaweza kupata hatimiliki yake yenyewe, kwa hiyo hoja ya ami yangu kuhusu hewa imepungua nguvu. Na atakayebaki wa mwisho sharti aandike wosia.

Tumechagua Ngara. Jumatatu tunakwenda kwa wakili, na nimeandika swali langu kwenye daftari nisije nikalisahau: wa pamoja, au wa hisa? Mke wangu ameandika la kwake chini yake, kwa kalamu nyekundu ya kusahihishia. Anataka kujua iwapo kanuni za wenye fleti zinaruhusu ndoo za mboga kwenye paa.