Boga la Wingwi lisiishie kwenye chungu cha futari

Kila ifikapo tarehe 31 Oktoba, watu wa Marekani, Canada, Uingereza na Ireland hununua maboga si kwa ajili ya kupika, bali kwa ajili ya kuyachonga. Hukata kifuniko juu, hutoa nyama na mbegu, huchora macho, pua na meno kwa kisu, kisha huweka mshumaa ndani na kuliweka boga mlangoni. Usiku huo huitwa Halloween, nao ni mkesha wa sikukuu ya Kikristo ya Watakatifu Wote. Mila ya kuchonga ilianza Ireland na Uskoti kwa mboga za mizizi zinazofanana na figili. Wahamiaji waliokwenda Marekani katika karne ya 19 walikuta huko maboga, makubwa na mepesi kuchonga, wakabadilisha.

Msomaji wa Wingwi anaweza kuuliza: hayo yanatuhusu nini? Sikukuu hiyo si yetu, na makala hii haimwombi mtu yeyote wa Micheweni aisherehekee. Kinachotuhusu ni biashara. Mkulima wa wenzetu amefanikiwa kuuza boga kwa tarehe na kwa umbo. Mkulima wetu bado anauza boga kwa fungu, siku yoyote alivyolivuna, kwa bei anayoitaja mchuuzi.

Tuangalie jimbo la Illinois, ambalo ndilo linaloongoza kwa maboga nchini Marekani. Wakulima wa huko wanatenganisha mazao mawili. Boga la kiwandani, linalosagwa na kutiwa katika makopo, ni la rangi ya mchanga na halina sura ya kupendeza. Kwa nasaba ni jamii moja na maboga mengi ya nchi za joto kama haya yetu. Boga la kuchonga ni aina nyingine: la rangi ya chungwa, lenye kitako bapa ili lisimame, ganda lisilo gumu sana na kikonyo kirefu kilicho imara. Utamu wake ni mdogo, lakini mnunuzi hajali, kwa sababu halii. Mkulima anajua kabla hajapanda ni nani atakayenunua, lini, na anataka boga la sura gani.

Sasa tugeukie kwetu. Nasi tunayo siku yetu ya boga, tena si usiku mmoja bali mwezi mzima. Ni nani katika Pemba asiyejua boga la nazi mezani wakati wa futari? Mahitaji ya boga, muhogo, ndizi na viazi vitamu hupanda kila Ramadhani, Pemba na Unguja, na bei hupanda pamoja nayo. Hata hivyo, wakulima wengi hupanda maboga wakifuata mvua peke yake. Mvua na Ramadhani havifuati kalenda moja.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Boga huchukua takriban siku 90 hadi 120 tangu kupandwa hadi kukomaa, kutegemea aina na ardhi. Ramadhani hurudi nyuma kwa siku 10 au 11 kila mwaka wa kawaida. Mwaka 2027 inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari, 2028 karibu na 28 Januari, na 2029 karibu na 16 Januari, kutegemea mwandamo. Kwa hiyo boga la futari ya 2027 linapaswa kuwa ardhini katika wiki ya tatu au ya nne ya Oktoba 2026. Yaani wakati wenzetu wanachonga maboga yao, mkulima wa Wingwi awe ameshapanda yake.

Kwa miaka hii michache, basi, Ramadhani inakaa vizuri na mvua za vuli zinazonyesha kati ya Oktoba na Desemba. Nafasi hii haitadumu. Mwaka 2030 Ramadhani inatarajiwa kuingia mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Desemba. Ili kuiwahi, itabidi kupanda Septemba, kabla vuli haijaanza, na hapo bila maji ya kisima hakuna boga. Mwenye kutaka kutumia mvua ya Mungu ana misimu mitatu tu iliyo mizuri. Mwenye kutaka kuendelea baada ya hapo aanze sasa kufikiria kisima, ndoo na tangi.

Jambo la pili ni kuoza, na hapa ndipo fedha nyingi zinapopotea bila mtu kuzihesabu. Nitatoa mfano, na bei hizi ni za mfano tu. Kila mtu aweke zake. Tuseme una maboga 100. Ukiuza shambani kwa Sh 1,000 kila moja, unapata Sh 100,000. Ukiyapeleka Unguja, katika soko la Darajani au Mwanakwerekwe, ukauza Sh 2,500 kila moja, na nauli ya gari, wapagazi na chombo ikawa Sh 60,000, matokeo yatategemea mangapi yamefika yakiwa mazima. Yakioza 10, utauza 90 kwa Sh 225,000. Toa ushuru wa dalali wa asilimia 10, toa nauli, utabakiwa na Sh 142,500. Safari imekulipa. Yakioza 30, utauza 70 kwa Sh 175,000, na baada ya makato utabakiwa na Sh 97,500. Umevuka bahari, umelala bandarini, na umepata kidogo kuliko aliyebaki Wingwi akauza mlangoni kwake.

Kinachotofautisha safari hizo mbili si bei ya sokoni, bali kikonyo. Boga lililong'olewa kwa mkono huacha jeraha juu, na kupitia hapo uozo huingia. Boga lililokatwa kwa kisu, likaachiwa kikonyo cha vidole vitatu au vinne, hukaa. Baada ya kukatwa lianikwe mahali pakavu penye upepo kwa siku 7 hadi 10 ili ganda likaze, kisha liwekwe juu ya chaga au majani makavu, si juu ya udongo, wala yasirundikwe. Lisibebwe kwa kikonyo. Boga lililokomaa na kutunzwa hivyo linaweza kukaa miezi miwili hadi mitatu. Wakulima wa maboga ya kuchonga wanalijua hili vizuri, kwani boga lisilo na kikonyo mnunuzi wao halitaki kabisa.

Jambo la tatu ni umbo. Hoteli za kitalii za Unguja, kuanzia Nungwi hadi Kiwengwa na Paje, na zile chache za Pemba, huwapamba wageni wao meza. Mpishi wa hoteli huchonga tikiti, papai na boga kwa ajili ya meza ya chakula cha jioni. Huyu ni mnunuzi wa kila wiki, si wa usiku mmoja wa Oktoba. Anataka boga la mviringo, lisilo na kovu, lenye kitako bapa. Zao la masika, likipandwa Aprili, huvunwa Julai na Agosti, wakati hoteli zina wageni wengi. Maana yake masika yanaweza kulisha hoteli na vuli ikalisha futari.

Na si lazima achonge sura ya zimwi. Ganda la boga letu mara nyingi ni nene na gumu kuliko lile la Marekani, kwa hiyo linafaa zaidi kuchongwa juu juu, kukwangua ngozi tu hadi nyama ya manjano ionekane. Milango ya Zanzibar ina michoro tayari: minyororo pembeni, maua ya yungiyungi, samaki, mitende. Fundi seremala aliyezoea patasi haitaji kufundishwa upya. Kifuniko kikikatwa kwa mshazari, kwa kuelekeza kisu ndani, hakitatumbukia. Nyama iliyotolewa inarudi jikoni ikawa supu au boga la nazi, na boga lenyewe likawa bakuli la kupakulia. Kwa namna hiyo hakuna kilichotupwa.

Nasisitiza hilo la kutotupa kwa sababu ipo hoja nzito dhidi ya jambo hili zima. Katika nchi za wenzetu maboga mengi huchongwa, huwekwa mlangoni siku chache na kisha kutupwa na nyama yake. Utafiti wa bajeti za kaya wa mwaka 2004/05 ulionesha kuwa Micheweni ndiyo wilaya yenye umasikini mkubwa kuliko zote Zanzibar. Katika wilaya kama hiyo kuchezea chakula ni aibu, na anayesema hivyo hajakosea. Jibu langu ni kwamba tuuze umbo bila kutupa chakula. Na pale tunapotaka kitu cha kuchongwa na kuwekwa sebuleni kwa miaka, boga silo.

Kinachofaa kwa kazi hiyo ni kibuyu. Boga lililochongwa, kwa joto letu, halimalizi wiki. Kibuyu kilichoachwa kwenye mtambaa hadi kikonyo kikauke, kikaanikwa kivulini kwa miezi kadhaa mpaka mbegu zicheze ndani, hukaa miaka na miaka. Wakamba wa Kenya wanajulikana kwa kuchora vibuyu. Kibuyu kikitobolewa matundu madogo kwa mpangilio na kutiwa taa ndani, kinatoa mwanga wa maua ukutani, nacho mgeni anaweza kukitia ndani ya begi lake na kurudi nacho kwao. Hakihitaji chombo cha haraka wala barafu. Kisipouzwa mwezi huu kitauzwa mwezi ujao. Kwa ardhi ya mawe kama ya sehemu nyingi za Micheweni, mtambaa unaopanda juu ya uzio au mti hauchukui nafasi ya muhogo wala mtama. Naona hapa kuna kazi kwa vijana na kwa vikundi vya akina mama, kuliko kungojea wageni wanunue vinyago vilivyotoka bara.

Ipo na mbinu nyingine ndogo inayotokana na boga lenyewe. Boga changa likikwaruzwa juu juu kwa ncha ya msumari safi, jeraha hupona na kuwa kovu, na kovu hilo hukua pamoja na boga. Wenzetu huandika hivyo majina ya watoto wao. Mkulima wetu anaweza kuandika jina la hoteli iliyoagiza, au alama ya shamba lake. Wizi wa mazao ni kilio cha kila kijiji, na boga lenye alama ya mwenyewe ganda zima haliuziki kirahisi na mwizi. Tahadhari: usizamishe msumari, na usifanye siku ya mvua, la sivyo utakaribisha uozo.

Wahenga walisema ukipenda boga, penda na ua lake. Kwa mkulima maneno haya ni ya shambani kabisa. Mboga hii ina maua madume na maua majike. Ua jike, lenye kiboga kidogo chini yake, hufunguka asubuhi moja tu, na lisipopata vumbi la ua dume siku hiyo, kiboga hunyauka na kuanguka. Kazi hiyo hufanywa na nyuki. Anayepiga dawa ya wadudu asubuhi anawaua wafanyakazi wake mwenyewe. Dawa ikibidi, ipigwe jioni maua yakiwa yamefunga. Penye nyuki wachache, chuma ua dume asubuhi na ulipake kwenye ua jike kwa mkono. Na wale wanaouza msusa wasichume machipukizi ya mtambaa huohuo wanaoutegemea kwa maboga. Watenge mitambaa ya mboga na mitambaa ya matunda.

Mkulima mmoja mwenye maboga 40 hatasikilizwa na hoteli yoyote. Hoteli inataka uhakika wa kila wiki, mizani na stakabadhi. Kwa hiyo shehia za Wingwi zinahitaji kikundi kimoja cha kuuza, banda moja la kuanikia lenye paa na chaga, na mtu mmoja mwenye simu na daftari. Banda la namna hiyo ni la miti na makuti, halihitaji mfadhili. Kinachohitaji mkono wa serikali ni visima vya umwagiliaji na bwana shamba anayefika shambani kabla ya kupanda, si baada ya kuvuna. Ni ukweli usiopingika kwamba sehemu kubwa ya mboga na matunda yanayoliwa Unguja hutoka Tanzania Bara. Halmashauri ya Micheweni ingefanya vyema kuwakutanisha wapishi wa hoteli na wakulima uso kwa uso, angalau mara moja kabla ya kila msimu.

Soko la kuchonga lisitutie wazimu. Usiache mbachao kwa msala upitao: mbachao wetu ni futari, na msala ni hoteli. Mkulima mwenye busara apande kwanza kwa ajili ya Ramadhani, atenge mistari michache kwa ajili ya hoteli, na apitishe vibuyu kwenye uzio. Kazi ya leo ni kuchagua mbegu kutoka boga bora kuliko yote, kuziosha, kuzikausha kivulini, na kuandika ukutani tarehe ya kupanda.