Bakteria Bila Ugonjwa: Mabinti wa Vyuo Vikuu na Matumizi Holela ya Dawa

Katika mabweni ya vyuo vikuu nchini Tanzania, herufi tatu zimekuwa msamiati wa kila siku: UTI. Binti huenda kupimwa kwa sababu ya uchovu, naye hurudi na jibu kwamba mkojo wake una bakteria. Jioni hiyohiyo huanza kumeza dawa. Baada ya miezi michache hupimwa tena, bakteria huonekana tena, naye huambiwa kwamba ana “UTI sugu”. Swali la msingi halijaulizwa: je, binti huyu alikuwa mgonjwa?

Sayansi ya tiba hutofautisha mambo mawili. Maambukizi ya njia ya mkojo huwa na dalili: maumivu wakati wa kukojoa, haja ya mara kwa mara, na yakifika kwenye figo, homa na maumivu ya ubavuni. Lakini mtu aweza kuwa na bakteria 100,000 au zaidi katika mililita moja ya mkojo bila dalili yoyote. Uchunguzi uliochapishwa nchini Marekani mwaka 2000 uliikuta hali hii kwa takribani wanawake 5 kati ya 100 wa chuo kikuu waliopimwa, na ni nadra ilipodumu kwa muda mrefu.

Kwa sababu hiyo, mwongozo wa wataalamu wa magonjwa ya kuambukiza wa Marekani wa mwaka 2019 unaelekeza kwamba mwanamke mwenye afya njema, asiye mjamzito, asipimwe wala kutibiwa bakteria wasio na dalili. Tena, utafiti wa Italia uliochapishwa mwaka 2012 ulionesha kwamba wanawake vijana waliopewa dawa kwa hali hiyo waliugua tena zaidi kuliko wale walioachwa bila dawa. Yaelekea baadhi ya bakteria hao huwazuia wengine walio hatari zaidi.

Mama mjamzito ni suala jingine. Kwake bakteria hao waweza kusababisha maambukizi ya figo, na Shirika la Afya Duniani linapendekeza atibiwe kwa siku 7. Basi asiache kupimwa kliniki.

Liko pia jeraha la heshima. Baadhi ya wazazi wakisikia jibu la maabara huanza kuhoji mwenendo wa binti yao. Ni kweli kwamba tendo la ndoa huongeza uwezekano wa bakteria kuingia. Lakini wengi wao hutoka katika utumbo wa mtu mwenyewe, na njia ya mkojo ya mwanamke ni fupi. Mwaka 1968, Kunin na McCormack walichapisha uchunguzi uliowalinganisha watawa wa kike na wanawake wafanyakazi. Watawa vijana walikuwa na bakteria kwa kiwango kidogo zaidi, lakini hawakukosa. Kipimo cha mkojo, basi, si cheti cha maadili, na asitokee mtu wa kukitumia kumhukumu mtoto wake.

Gharama ya dawa zisizohitajika hulipwa na jamii nzima. Mwaka 2019 usugu wa vimelea dhidi ya dawa ulisababisha moja kwa moja vifo vipatavyo milioni 1.27 duniani. Septemba 2024 Umoja wa Mataifa uliazimia kupunguza vifo vitokanavyo na usugu huo kwa asilimia 10 ifikapo mwaka 2030. Azimio hilo haliwezi kutimia ikiwa dawa za kuua bakteria zitaendelea kununuliwa dukani bila cheti cha daktari.

Wajibu uko wazi. Mhudumu wa afya aulize dalili kabla ya kuagiza kipimo. Mzazi asitume fedha za dawa kabla ya kusikiliza. Naye binti mwenye homa, maumivu au damu katika mkojo asichelewe kwenda hospitali, lakini asiye na dalili awe na ujasiri wa kumwuliza daktari: “Je, kweli nahitaji dawa hii?” Huko si kumkosea heshima mtaalamu. Ni kuitunza afya yake, na kuitunzia dawa nguvu yake kwa ajili ya mgonjwa atakayeihitaji kesho.