Rangi ya ngozi si kitu cha kumalizia slaidi

Wadau, nimerudi kutoka kwenye mkutano wa mwanga na picha za kitabibu, siku nne za kuzunguka mabango hadi miguu inauma. Nimejifunza mengi, sikatai. Ila kuna jambo limenikaa kooni na leo nalitema.

Kila mtoa mada ana kifaa kipya cha kuangalia ndani ya mwili bila kisu. Picha safi, grafu zinapendeza. Ngoja slaidi ya mwisho sasa, unakuta kamstari kadogo: bado hatujajaribu kwenye ngozi nyeusi. Makofi, halafu kahawa. Jamani! Kifaa kinategemea mwanga upenye kwenye ngozi, halafu ngozi yenyewe ndiyo inawekwa mwisho?

Na si jambo jipya. Chukua oksimita, kale kadude kanakobana kidole hospitalini. Kanatoa mwanga mwekundu wa kama nanomita 660 na wa infraredi wa kama 940, kanalinganisha unaopenya, kisha kanakadiria oksijeni kwenye damu. Melanini nayo inafyonza mwanga, tena mwekundu zaidi ya infraredi. Wakubwa wanasema haina shida, eti kifaa kinasoma ule mwanga unaobadilika na mapigo tu, na melanini haibadiliki. Kwenye karatasi, sawa. Kwa wagonjwa je? Jubran na Tobin walionyesha kasoro mwaka 1990. Bickler na wenzake wakaionyesha tena 2005. Watu wakalala hadi Desemba 2020, katikati ya korona, Sjoding na wenzake wa Michigan walipoleta hesabu. Pale oksimita iliposoma asilimia 92 hadi 96, damu ya ateri ilikuwa na oksijeni chini ya 88 katika asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa weusi. Kwa weupe ilikuwa 3.6. Zaidi ya mara tatu!

Mnajua mwongozo wa FDA wa Marekani wa 2013 ulitaka nini? Washiriki angalau 10, na kati yao wenye ngozi nyeusi wawili, au asilimia 15 kama hiyo ni zaidi. Wawili! Januari 2025 ndipo ikaja rasimu inayopendekeza washiriki 150 au zaidi, wa rangi mbalimbali.

Nilimuuliza jamaa mmoja mbele ya bango lake, mbona wote ni weupe? Akajibu kupata washiriki weusi ni kazi. Kazi kuliko kuunda leza?

Kwetu hili ni zito zaidi. Vituo vingi vya afya havina mashine ya kupima gesi za damu, kwa hiyo kale kadude ndiko kanakoamua nani apewe oksijeni na nani arudi nyumbani. Kakidanganya, hakuna wa kukasahihisha, na mama anabeba mtoto wake anaondoka akiamini mambo ni shwari.

Msimamo wangu ni huu: kifaa kisichojaribiwa kwenye ngozi zote hakijakamilika, na wahariri wairudishe hiyo makala. Nanyi wanafunzi wenzangu mlioko maabara, ulizeni siku ya kwanza, kabla leza haijawashwa. Mtu asiniambie hiyo ni kazi ya baadaye. Tangu 1990 ni baadaye tu.

Nawasilisha.